Nimelipa ili nipime furu: uzoefu wangu wa safari ya utafiti Ghuba ya Mwanza

Niseme mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake. Ukiweza kukaa mezani asubuhi nzima unapima furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria wanaoenea kiganjani, mikono inanuka na mwenzako anakuhimiza usome namba haraka, safari hii inalipa. Ila ukitaka picha umenyanyua sangara wa kilo ishirini, we kodi boti ya kisiwa cha Saanane, kisha pita soko la samaki la mwaloni Kirumba ukapige hiyo picha na samaki wa watu. Utarudi nyumbani na chenji.

Waandaaji ni hao hao wanaopeleka watu Mafia kwenye utafiti wa papa potwe, na mimi nilianza kwa kuulizia hiyo ya Mafia. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Wanafunzi na watu wa kujitolea wanaogelea kando yao na kupiga picha madoa yaliyo nyuma ya matamvua, kwa sababu kila papa ana mpangilio wake wa madoa, hivyo anatambulika bila kuguswa. Nikapiga hesabu ya nauli mpaka Dar, kisha ya kuvuka kwenda Mafia, kisha ada yao, nikaona hapo nafungua tawi la pili la duka. Ndipo waliponiambia kuna safari nyingine hapa hapa ghubani, ya samaki wa ziwani, na wanafunzi wa chuo. Laki nne na nusu kwa Mtanzania, chakula cha mchana na boti vimo, malazi ujitegemee.

Mimi nauza nyavu na kamba Kirumba. Jirani yangu wa duka alipopata habari aliweka chini kikombe cha chai. "Mama Kulwa, watu wanalipwa kuvua, wewe unalipa?" Watoto wa mwaloni nao, walipoona kofia zetu zina mchoro wa papa, walitufuata wakiuliza kama tunamtafuta papa ziwani. Papa humu hayupo. Kofia zilikuwa mabaki ya safari za Mafia, nadhani.

Tulikuwa tunatokea Luchelele. Boti ya mbao, injini ya kupachika, nahodha mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Mzee tu. Nyavu zinategwa jioni, zinavutwa alfajiri. Hapo nilitazama kwa jicho la biashara. Walikuwa na makila, nyavu za kunasa samaki, yaliyoungwa vipande vipande, kila kipande na macho yake, kuanzia makubwa ya sangara hadi madogo ambayo mimi dukani nisingethubutu kuyatundika. Ofisa uvuvi angenifungia siku hiyo hiyo. Wao wana kibali cha utafiti, na kabla ya kutega walikwenda kukionyesha kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo. Hapo nawapa alama zote. Sababu ya vile vipande nayo ilinikaa: ukitega jicho la saizi moja unapata samaki wa saizi moja, halafu unaandika kwamba ndio waliomo ziwani.

Maboya ya kuvaa ndiyo yaliyonichefua. Yalikuwepo, lakini yote ya saizi ya mtu mzima aliyeshiba, na mawili mikanda yake ilishakatika. Binti mmoja wa chuo, mwembamba, alivaa lake likampanda hadi masikioni. Mji huu ulizika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, na mwaka 2018 tukalia tena na MV Nyerere kule Ukara. Anayekuchukulia laki nne na nusu hana kisingizio cha kukufungia boya kwa kamba. (Kamba yenyewe ilitoka kwenye mkoba wangu. Muuza kamba hatembei mikono mitupu.)

Sasa meza.

Turubai chini ya mwembe, ndoo, mizani ya betri, ubao wenye rula. Samaki unamlaza, pua iguse kile kibao cha mbele, unasoma urefu, wa pili anapima uzito, wa tatu anaandika. Sangara na sato wanapita haraka. Gogogo anakuchoma mwiba, anapita naye. Furu ndio kazi yenyewe. Nimekula furu tangu utoto, wa kukaanga hadi mifupa inatafunika, na kwangu furu alikuwa furu. Mwanafunzi mmoja akanipangia safu yao, wote rangi ya kijivu, wote urefu ule ule, akawafunua midomo mmoja mmoja kwa kibanio. Huyu meno yake yamebanana, anaparua mwani kwenye mawe. Huyu ana taya nene, anavunja konokono. Huyu mdomo unachomoza mbele, anakula vijidudu vinavyoelea. Ziwa hili linakadiriwa kuwa lilikuwa na aina 500 hivi za furu, karibu zote hazipatikani kwingine duniani, na sisi huwa tunawamimina sufuriani kwa jina moja.

Siku ya kwenda Makobe ndiyo iliyonifanya nisahau maboya. Makobe ni kisiwa cha mawe upande wa Ghuba ya Speke, na maji yake ni maangavu kuliko ya huku ndani. Kuna kisahani cheupe na cheusi wanakishusha kwa kamba yenye alama hadi kisionekane, kisha wanasoma kina. Luchelele kilipotea mara moja. Makobe tulikitazama kikishuka, kikishuka, mpaka Mzee akauliza kama kamba itatosha.

Huko walipata dume mwenye mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi ya wima. Jina lake la kitaalamu ni Pundamilia nyererei, amepewa kwa heshima ya Mwalimu. Nimezaliwa Mwanza, nimesoma Mwanza, nimezeeka nauza nyavu Mwanza, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Mwalimu ana samaki. Walimtia kwenye kitanki chembamba cha kioo, wakambana taratibu kwa kioo cha pili asigeuke, picha ikapigwa upesi akiwa hai, maana akifa rangi inaondoka. Kioo nilikishika mimi. Aliyefuata alitoka wavuni ameshakufa, na wekundu ulikuwa unapauka huku tunatafuta lenzi.

Ndipo nikaelewa kisahani ni cha nini. Kuna ndugu yake wa karibu ambaye dume lake lina rangi ya bluu. Jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa meupe, kila jike anakwenda kwa wake; maji yakichafuka, wekundu na bluu havionekani vizuri, jike anapotea njia, na aina mbili zinachanganyika zikawa moja. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walilieleza hilo mwaka 1997 kutokana na kazi iliyofanyika kwenye visiwa hivi hivi. Kwa hiyo udongo unaoteremka na mvua kutoka mashambani, na uchafu wa mji tunaouachia mtoni, vinaweza kumaliza aina ya samaki hata bila mtu kutega wavu. Kwa muuza nyavu hiyo ni habari.

Jambo jingine la karibu: jike mmoja alitoka amefumba mdomo kwa nguvu, koo limetuna. Yule binti mwembamba alimwinamisha juu ya bakuli la maji, akamgusa taya kidogo, vikamwagika vifaranga vyenye macho makubwa na kifuko cha kiini bado kimening'inia tumboni. Furu jike hutunza mayai na watoto mdomoni, na muda wote huo karibu hali kitu. Dada mmoja wa Arusha akasema, "Na sisi tunalalamika miezi tisa." Vifaranga na mama yao walirudishwa majini, na hilo silisikii kwa kila timu.

Mzee ndiye aliyenipa historia ambayo waandaaji waliipitia kwa picha mbili tatu jioni moja. Ujana wake alikuwa kibarua kwenye trola. Miaka ya 1970 trola zilizoa furu humu ghubani na mjini kulikuwa na kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Wakati huo furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani. Sangara alishapandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 na 1960, akakaa kimya, kisha miaka ya 1980 akafumuka. Akawala furu, akala dagaa, akala uduvi, akala hata watoto wake. "Tulipoanza kuvuta sangara mtupu tulishangilia," Mzee alisema, na mimi sitajifanya malaika: makila ya sangara ndiyo yaliyosimamisha duka langu, na watu wananunua kwa sababu minofu inakwenda Ulaya na mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, yanakwenda China. Kuanzia miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kurudi, na wapo waliorudi wamebadilika maumbile, matamvua yamekuwa makubwa zaidi kwa ajili ya maji yenye oksijeni kidogo. Haya ndiyo mambo ya kumweka Mzee mbele ya wanafunzi na kumlipa kama mwalimu. Walimlipa kama dereva.

Hapo linakuja lalamiko langu kubwa kuliko maboya. Watanzania tuliolipa tuligeuzwa wakalimani. Mgeni akitaka kumuuliza Mzee jambo, naitwa mimi, naacha ubao. Nilimweleza kiongozi, kwa adabu zote, kwamba mkalimani hulipwa, halipi. Alicheka kidogo, na kesho yake nikapewa daftari na hakuna aliyeniita tena. Shida ilirekebishwa, lakini isingerekebishwa bila mtu kusema, na wanafunzi huwa hawasemi. Tena waliahidi kupeleka muhtasari wa matokeo kwa BMU, kwa Kiswahili. Nimeulizia mwaloni zaidi ya mara moja. Bado.

Kichocho nacho. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na ukurasa mzima wa jua, kofia na mafuta ya kupaka, kichocho hakikutajwa popote. Sisi wa kandokando ya ziwa tunajua, watoto wetu wanamezeshwa dawa shuleni. Lakini vijana wa Dodoma na wale wageni walikuwa wanasimama magotini kwenye matete kuosha nyavu, mahali hasa wanapokaa konokono, na vijidudu vinavyotoka kwa konokono hao hupenya ngozi tu, huhitaji kunywa maji. Nikawapeleka kuoshea nyavu kwenye boti, nikawaambia wiki kadhaa baadaye waende kupima.

Chakula kilikuwa kizuri, sina neno. Asubuhi matobolwa na karanga, mchana ugali na sato wa kuchemsha. Samaki wa mezani sisi hatuli, kwa wanaouliza. Wanaohitajika wanahifadhiwa, waliobaki wanagawiwa watu wa boti.

Nani aende? Mwanafunzi wa baiolojia, aende bila kufikiri mara mbili. Mwalimu wa sekondari pia, atarudi na mifano ya mwaka mzima. Mwenye mgongo mbovu asiende, benchi halina egemeo. Nyota nne kwa meza na Makobe, mbili kwa maboya na maelekezo. Beba buti za mpira na glavu zako mwenyewe, maana zao zinatoboka kwa miiba ya sato siku ya kwanza, na daladala za Luchelele alfajiri ni za kubahatisha, kwa hiyo panga na bodaboda usiku. Awamu ijayo nimeshamlipia Kulwa, amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea viumbe wa majini. Boya lake namnunulia mwenyewe.