Kamusi ya Longman kwenye mtihani wa borrow na lend

Ukitaka kupima kamusi ya Kiingereza, usianze na maneno magumu. Photosynthesis hakuna kamusi itakayoikosea. Anza na vitenzi vinavyotukoroga sisi wasemaji wa Kiswahili: borrow na lend, steal na rob, rise na raise.

Longman Dictionary of Contemporary English, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1978, inaumudu mtihani huo kuliko kamusi nyingi, ingawa si wote. Maana zake zimeelezwa kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000, hivyo hutafuti neno moja ukajikuta unatafuta mengine matatu. Tovuti yake ni ya bure.

Utamu wenyewe uko kwenye vialama ambavyo wengi huviruka. Herufi T inaonyesha kitenzi elekezi, I kisicho elekezi. Fungua raise utakuta T: lazima kitu kifuate, raise your hand. Fungua rise utakuta I: the sun rises, basi. Ni kuinua na kuinuka tu. Lay na lie vilevile ni kulaza na kulala, ila hapa pana mtego, kwa sababu lie ikiwa katika wakati uliopita inakuwa lay. Yesterday I lay in bed ni sahihi. I laid in bed si sahihi, maana laid ni mali ya lay. Lie ya kudanganya nayo ina njia yake: lied. Kamusi inazitenga hizo lie kwa namba, kwa hiyo tazama namba kabla ya kunakili umbo.

Kisha soma mifano, macho yakiwa kwenye neno linalofuata kitenzi. Steal hufuatwa na kitu kilichoibwa, rob hufuatwa na aliyeibiwa: they stole my phone, they robbed me. Anayewaza "wameniibia simu" huandika they stole me, na Mwingereza akaelewa kwamba aliyebebwa ni mtu mwenyewe. Tell nayo ni kama kuambia, haitulii bila mtu: he told me. Say hukaa peke yake, na ukimtaka mtu lazima umwitie to: he said to me. Zipo chache zinazovunja kanuni, kama tell the truth na tell a story. Hizo kariri tu.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haimjui msomaji wake ni nani. Haiwezi kukisia kwamba kwetu kushinda kumebeba win na beat kwa pamoja, ndiyo maana tunaandika we won them badala ya we beat them (win ni ya mechi au kombe). Haijui kwamba mtu anayesikia baridi ataandika I hear cold, wakati Kiingereza kinadai feel. Wala haitakwambia kwamba "navaa" ni put on na "nimevaa" ni wear.

Ungedhani kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ingeziba pengo hilo. Mara nyingi ndiyo inayolichimba: inaandika "azima" mbele ya borrow na mbele ya lend pia, ikakuacha hapo. Tatizo ni kwamba kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili. "Niazime kalamu" ni lend, "nimeazima kalamu kwake" ni borrow. Tumia kukopa na kukopesha kama kipimo: anayekopa ni borrow from, anayekopesha ni lend to.

Kwa kazi hii tovuti inatosha, na ina sauti ya matamshi. Nakala ya karatasi ni nzito kama tofali. Ukiipata iliyotumika, chukua hata toleo la zamani. Lay na lie hazijabadilika tangu lilipochapwa.