Buffy the Vampire Slayer ya 1992, hii muvi imeonewa sana

Oya wadau karibuni, leo tunakaa na muvi ya kitambo, Buffy the Vampire Slayer, na tuelewane mapema kabisa naongelea ile muvi ya 1992 ya Kristy Swanson, sio siriz ya Sarah Michelle Gellar iliyoanza 1997 ikapiga misimu saba mpaka 2003. Siriz najua wengi mmeiona. Muvi sasa, ukiitaja tu watu wanakwambia achana nayo hiyo takataka, na wengi wao hata hawajaikalia, wamesikia tu kwamba Joss Whedon aliyeandika skripti hakufurahia ilivyotoka basi na wao wakaibeba hukumu hivohivo. Mimi naipenda. Ina makosa na nitayasema yote, ila kuna kitu inafanya ambacho komedi za vampaya za enzi zile hazikuwa zinafanya kabisa.

Stori iko hivi. Buffy yuko mwaka wa mwisho shule ya Hemery huko Los Angeles, ni chialida, wale wasichana wanaoshangilia timu ya shule kwa kucheza, nyumbani pesa ipo, ana boyfriend anaitwa Jeffrey anayecheza basketi, na maisha yake ni kuzurura madukani na mashosti zake wanabishana jaketi gani imepitwa na fasheni. Siku moja anatokea mzee mmoja amevaa koti refu, anaitwa Merrick, ndo Donald Sutherland huyo, anamwambia bila kuzunguka wewe ndo mteule wa kizazi hiki, umezaliwa kuua vampaya, twende makaburini. Anamwona kichaa, na mimi na wewe tungemwona kichaa. Kinachomshika ni kwamba mzee anazijua ndoto zake, zile za wasichana wa enzi za zamani wanaopigana na kufa, ndoto ambazo hajamsimulia mtu. Basi wanaenda makaburini kweli, wanakaa wanasubiri, na maiti inaanza kujichimbua kutoka chini.

Sasa nisikilizeni hapa. Miaka ya themanini komedi za vampaya na vijana zilikuwepo, kama ile Once Bitten ya 1985 ya Jim Carrey kabla hajawa Jim Carrey tunayemjua, na mtindo ulikuwa mvulana ndo stelingi, mvulana ndo anang'atwa, tunacheka anavyobadilika, na msichana yupo pembeni analia au anasubiri kuokolewa. Na kwenye muvi za kutisha zenyewe ndo usiseme, yule blondi anaingia kwenye uchochoro wa giza peke yake na wote tunajua kinachofuata. Whedon ameshaeleza mara nyingi kwamba wazo lake lilianzia hapohapo, alitaka yule blondi aingie kwenye giza, jitu limfuate, halafu yeye ndo alichape. Leo hilo tumelizoea maana mastelingi wa kike wamejaa, ila rudi 1992, studio kubwa kama 20th Century Fox inatoa muvi ya aina hiyo katikati ya majira ya joto, na dairekta ni mwanamke, Fran Rubel Kuzui, muvi yake ya nyuma ilikuwa Tokyo Pop ya 1988. Na mojawapo ya kampuni zilizotengeneza ni Sandollar, ambayo ilikuwa ya Dolly Parton na aliyekuwa meneja wake Sandy Gallin, ndio, Dolly Parton wa kantri ambaye nyimbo zake tumekua nazo redioni.

Lakini mimi hata sio hiyo ya msichana kupiga watu iliyonishika zaidi. Ni jinsi anavyokua. Mwanzoni Buffy hana tofauti na wenzake, kuna sini wanapanga disko la kumaliza shule wanataka lihusu mazingira, mmoja anataja tabaka la ozoni na mwingine anakubali kabisa kwamba ndio, inabidi tuiondoe hiyo. Unacheka. Na Buffy yumo mlemle, hajui kitu. Halafu mazoezi na Merrick yanaanza, usiku anaua, asubuhi anarudi kwa walewale marafiki, mazungumzo ni yaleyale, na unamwona usoni hawezi tena. Hakuna hotuba hapo wala muziki wa kuhuzunisha, kakaa tu nao meza moja na hayupo. Wakati huohuo wanafunzi wanapotea mmoja mmoja pale shuleni na hakuna anayeuliza, mashosti wanawaza mapambo tu. Jeffrey naye anamwacha kwa kuongea kwenye ile mashine ya zamani ya kurekodi meseji za simu, yaani hata uso kwa uso kashindwa. Ukiwa na umri wa kupita kwenye kitu kama hicho, marafiki uliocheka nao mwaka jana leo huna cha kuongea nao, hii muvi itakugusa, na mimi nadhani watu wanaikosea kwa sababu wanaiangalia kama muvi ya vampaya wakati ni muvi ya msichana anayeachwa na utoto wake.

Kristy Swanson ndo anaibeba. Anacheza ule ujinga wa mwanzo bila kumdharau Buffy, na akibadilika unaamini. Cheki ile sini Merrick anamrushia kisu kichwani ghafla, anakidaka, halafu sekunde inayofuata anahamaki kama msichana yeyote ambaye mzee kamrushia kisu. Nguvu na hasira ya mtoto wa shule kwenye sura moja! Na kuna jambo la tumbo, vampaya wakiwa karibu Buffy anasikia tumbo linasokota kama yuko kwenye siku zake, ndo alamu yake. Muvi ya vijana ya miaka hiyo kulitaja hilo bila kulifanyia kejeli nalipa heshima yake.

Luke Perry naye. Huyu bwana 1992 alikuwa moto sana kwa sababu ya siriz ya vijana ya Beverly Hills, 90210, wasichana walienda sinema kwa ajili yake, halafu wanamkuta anaitwa Pike, yeye ndo anaokolewa kila mara, yeye ndo wa kupiga kelele. Na anacheza vizuri, haoni aibu. Wakija kucheza muziki pamoja kule mwishoni anamuuliza Buffy kama anataka kuongoza, anasema hapana, na yeye anasema hata mimi sitaki. Hapo nilitabasamu. Ile ya Benny pia, rafiki yake Pike, David Arquette huyo, usiku anakuja dirishani anaomba afunguliwe, wanaongea kidogo kishkaji, halafu Pike anashtuka kwamba jamaa anaelea hewani. Inachekesha na inatisha hapohapo, na natamani muvi nzima ingekaa kwenye kiwango kile.

Haikai, na hapo ndo makosa yanaanza. Adui mkuu anaitwa Lothos, wamempa Rutger Hauer, jamaa aliyekuwa hatari kinoma kwenye Blade Runner ya 1982, halafu wanamlaza, wanampa fidla, anaongea taratibu, muda wote unasubiri atishe na hatishi. Tunaambiwa kaua wateule wengi kabla ya Buffy, ila kuambiwa sio kuona. Bajeti nayo ilikuwa ndogo, kama dola milioni 7, na inaonekana, vampaya wengi wamepakwa unga mweupe na kuongezewa masikio basi, ukiwachoma kigingi wanaanguka tu kama mtu aliyezimia, kule kugeuka vumbi kulikuja kwenye siriz. Whedon alitaka kitu cha giza zaidi, Kuzui akakivuta kwenye wepesi, na kuna sehemu unaona kabisa muvi mbili zinagombana ndani ya moja. Whedon amelalamika pia kwamba Sutherland alikuwa anabadilisha mistari yake, na inawezekana kweli skripti iliumia, ila mimi nikimwangalia yule Merrick namwona mzee aliyechoka kuzika wasichana, na Buffy anapompoteza inauma, kwa hiyo kwangu Sutherland kafanya kazi.

Ila Paul Reubens jamani. Anacheza Amilyn, msaidizi wa Lothos, anapoteza mkono akiwa anang'ang'ania gari la Pike, na tangu hapo kila akitokea anaichukua sini nzima. Anavyokufa, sisemi mengi, ila anakufa muda mrefu sana na kila ukidhani kamaliza anaanza upya. Stephen Root kama mwalimu mkuu naye ni balaa, vampaya wamevamia shule yeye anawaandikia adhabu ya kubaki shuleni baada ya vipindi. Na sababu ya vampaya kuingia kwenye disko, maana kwa sheria zao lazima wakaribishwe, ni kwamba walishakaribishwa, si ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho! Hiyo ndo akili ya skripti hii.

Na fungueni macho kwenye sura. Mmoja wa wale mashosti, Kimberly, ni Hilary Swank kabisa, aliyekuja kubeba Oscar mbili, na kwenye mechi ya basketi kuna sekunde chache za Ben Affleck, hata jina hawakumwandika.

Sasa kama unataka kuitafuta, ni dakika 86 tu, damu sio nyingi, walioigredi Marekani waliipa PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu kwa watoto chini ya miaka 13, kwa hiyo unaweza kukaa na mdogo wako wa sekondari msione aibu. Itafute yenye sabtaito za Kingereza hata kama Kingereza chako ni kizuri, kwa sababu wale mabinti wanaongea ile lugha ya mtaani ya vijana wa Los Angeles, wanaiongea haraka, na nusu ya vichekesho iko humo. Sauti nzuri pia isaidie, maana kwenye saundtraki yumo Rob Halford, mwimbaji wa bendi ya metal ya Judas Priest, akiwa na bendi nyingine ya metal, Pantera. Na kama hujaona siriz anza na hii, ukianza na siriz utakuwa unalinganisha kila dakika na hutaifaidi.

Na ikifika majina yanapanda usizime, kaa mpaka mwisho kabisa, Amilyn bado hajamaliza kufa.