NAS ya nyumbani: soma lebo ya diski kabla ya kuulizia kisanduku

Picha ziko kwenye simu tatu, video za harusi kwenye laptopu inayozima yenyewe, na vyeti vilivyoskaniwa viko kwenye flashi ambayo hakuna anayekumbuka iliwekwa wapi. Dawa ya hali hiyo ni NAS: kisanduku chenye diski, kinachochomekwa kwenye ruta kwa waya, ili kila simu na kompyuta ya nyumbani ihifadhi na isome humo humo.

Wengi wakiingia dukani huulizia kisanduku kwanza: chapa gani, prosesa gani. Wanaanzia mkiani. Kisanduku kikiungua, kwa kawaida unahamishia diski zako kwenye kingine cha chapa ile ile na kazi inaendelea. Diski ikifa nawe huna nakala, umepoteza kilichokufanya ununue. Kwa hiyo hapa diski zinatangulia.

Diski: herufi za mwisho ndizo zenye habari

Diski mbili za terabaiti 4 zinaweza kukaa kwenye rafu moja kwa bei inayokaribiana, na moja isifae kabisa kwa NAS. Tofauti iko kwenye namna ya kuandika. Diski za CMR huandika kila mstari wa data kwenye nafasi yake. Za SMR hupandanisha mistari kama makuti ya paa: ukitaka kubadilisha kuti la chini, sharti unyanyue yaliyolilalia, kisha uyarudishe moja moja. Kwa kusoma filamu hutaona tofauti. Kasheshe huanza diski moja inapokufa ukaweka mpya. NAS inaiandikia ile mpya data yote iliyo kwenye diski nyenzake, mfululizo kwa saa nyingi, sehemu ya akiba ambayo SMR hupokelea data kwa muda inajaa, kasi inaporomoka, na wakati mwingine NAS huamua kwamba hata diski hiyo mpya ni mbovu na kuitoa kwenye kundi la diski zinazofanya kazi pamoja.

Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa ikiuza WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zenye SMR bila kuwaambia wanunuzi. Baada ya kelele, zile za CMR zikapewa jina WD Red Plus. Lakini WD Red bila “Plus” bado zinazunguka sokoni, na kwa mbali lebo zinafanana. Soma namba ya modeli: kwa ukubwa huo wa 2 hadi 6, inayoishia EFAX iache, EFRX, EFZX na EFPX ni salama. Kwa upande wa Seagate, ST4000DM004 na ST8000DM004 ni Barracuda za SMR. IronWolf zote ni CMR, na namba za zile za kawaida zina VN katikati, kwa mfano ST4000VN006.

Mpangilio wetu, kuanzia juu:

1. WD Red Plus na Seagate IronWolf, zimefungana. Zote zina dhamana ya miaka 3 na zimepimwa kwa kazi ya terabaiti 180 kwa mwaka, kiasi ambacho familia haikifikii. Chukua ile ambayo muuzaji wake anaweza kukubadilishia bila kukuzungusha.

2. Toshiba N300. Nzuri, ila huzunguka mara 7200 kwa dakika, kwa hiyo ina kelele na joto zaidi. Usiiweke chumba cha kulala.

3. WD Purple. Hii imetengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, na ndiyo maana utaipata hata mjini ambako hakuna anayejua NAS ni nini. Ni CMR na imeundwa kufanya kazi usiku na mchana. Si chaguo la kwanza, lakini Purple mpya yenye risiti ni bora kuliko Red ya kuagizwa kwa mtu usiyemjua.

4. Exos ya Seagate na Ultrastar ya Western Digital, diski za vituo vya data. Kwa uimara hazina mpinzani, ila zinakereza kama mashine ya kusaga. Tena hapa ndipo penye mtego: mwanzoni mwa 2025 ilifichuliwa Ujerumani kwamba Exos zilizokwishatumika maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, kumbukumbu zake za SMART, yaani zile ambazo diski hujiandikia kuhusu afya yake na saa ilizowaka, zikiwa zimefutwa.

Mwisho kabisa ni Barracuda na WD Blue. Ni za kompyuta ya mezani. Bei yake itakuvutia. Iache ikuvutie tu.

Kuhusu ukubwa, terabaiti 4 za kiwandani NAS itaziandika kama 3.6, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa elfu na kompyuta kwa 1024. Hujaibiwa. Diski mbili zikiwekwa katika RAID 1, yaani moja ni kioo cha nyingine, unabaki na 3.6 hizo hizo, si 7.2. Dakika moja ya video ya 4K hula kati ya megabaiti 170 na 400 kutegemea simu, kwa hiyo familia inayorekodi watoto sana ifikirie 6 au 8. Wengine, 4 inatosha kwa miaka kadhaa.

Kabla hujalipa

Diski mpya huja ndani ya mfuko wa rangi ya fedha uliofungwa kwa joto, si kwa selotepu. Tazama matundu ya skrubu ubavuni: rangi ikiwa imechubuka, kuna mtu alishaifunga mahali. Tazama meno ya shaba pale waya unapochomekwa. Yenye michirizi yamekwishachomekwa. Kisha piga picha namba ya seriali, uiingize papo hapo kwenye ukurasa wa dhamana wa mtengenezaji. Ukiambiwa dhamana imekwisha, au kwamba diski iliuzwa ndani ya kifaa kingine, rudisha. Na risiti iandikwe namba hiyo. Isiishie “hard disk 1 pc”.

Nyumbani, kabla ya kuweka hata picha moja, fungua SMART kwenye NAS au kwa programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows. Mstari wa 9 ni saa ilizowaka: mpya iwe sifuri au saa chache. Mistari ya 5, 197 na 198 ni ya sehemu zilizoharibika au zinazotiliwa shaka: yote iwe sifuri. Mstari wa 199 ukipanda, mara nyingi kosa ni la waya au mahali pa kuchomeka, si la diski. Kwa Seagate usiishie hapo. Kuna kumbukumbu ya pili iitwayo FARM, na ndiyo iliyowaumbua wale wa Exos. Programu ya kompyuta iitwayo smartctl, toleo la 7.4 na kuendelea, huisoma kwa amri ya smartctl -l farm. Saa za FARM na saa za SMART zikipishana sana, umeuziwa mtumba. Baada ya hapo endesha jaribio refu la SMART. Diski ya terabaiti 4 huchukua saa 7 au 8, basi ianzishe usiku.

Visanduku

Kwa nyumba ya kawaida, nafasi mbili za diski zinatosha. Cha nafasi moja usikinunue.

Cha kwanza kwetu ni Synology DS223. Prosesa yake si ya kujisifia na ina gigabaiti 2 tu za RAM, lakini programu yake ya DSM ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu asiye fundi, na ile ya kupakia picha kutoka kwenye simu inafanya kazi bila kusukumwa. DS223j ni ndugu yake wa bei nafuu: RAM gigabaiti 1, na kubadilisha diski lazima uzime na ufungue skrubu. Kwa picha na nyaraka tu, inatosha.

Cha pili ni UGREEN DXP2800, yenye prosesa ya Intel N100, RAM gigabaiti 8 na tundu la mtandao la gigabiti 2.5. Kwa nguvu inaipita DS223 mbali. Kama nyumba yenu ni ya filamu, na runinga inahitaji video igeuzwe kabla ya kuchezwa, hii ndiyo ya kwanza kwenu. Programu yake ni changa kuliko DSM. Hapo ndipo tulipoipunguzia.

Safu ya Plus ya Synology, kama DS225+, tunaiweka ya tatu. Mwaka 2025 kampuni ilizibana Plus mpya zikubali diski za chapa yake tu, kisha Oktoba mwaka huo huo ikalegeza kupitia DSM 7.3. Ukinunua, weka toleo hilo au la baadaye. Kwa video usiitegemee: Video Station, programu ya Synology ya kuchezea video, iliondolewa tangu DSM 7.2.2.

Ya nne ni kompyuta ya mtumba, mathalani Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ukiiwekea OpenMediaVault, programu ya kuigeuza kuwa NAS. Inafaa kwa anayependa kuchokonoa. Hakikisha ndani kuna nafasi mbili za diski za inchi 3.5; ndogo nyingi zina moja. Umeme pia itakula zaidi.

Visanduku vinavyotegemea seva za kampuni ili ufungue faili zako mwenyewe hatuviweki kwenye orodha. Machi 2023 Western Digital ilidukuliwa, na Aprili wenye visanduku vyake vya My Cloud Home wakakaa siku kumi hivi huduma ikiwa imezimwa, diski zao zikiwa mezani mbele yao.

Ruta, umeme na joto

Ruta nyingi za 4G za bei nafuu zina matundu ya waya ya megabiti 100 tu. Hapo NAS ya bei yoyote haivuki megabaiti 12 kwa sekunde, na terabaiti moja inachukua siku nzima kuhama. Nunua swichi ndogo ya gigabiti yenye matundu matano, chomeka NAS na kompyuta humo, kisha waya mmoja uende kwenye ruta. Kazi ile ile itaisha kwa saa mbili na nusu. Mzigo wa kwanza usiuhamishe kwa Wi-Fi ya 2.4 GHz; kwa megabaiti 6 kwa sekunde utasubiri karibu siku mbili.

DS223j yenye diski mbili hula wati 16 hivi ikifanya kazi. Ikiwaka mwezi mzima ni uniti zisizozidi 12. Kwa mwenye LUKU ya D1, daraja la matumizi madogo la umeme Tanzania, anayejibana asivuke uniti 75, hizo ni za kuhesabu. Ruhusu diski zilale zisipotumika.

UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, si anasa. Umeme ukikatika NAS ikiwa inaandika, faili zinaweza kuharibika kwenye diski zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa kioo kinaakisi hata uharibifu. UPS ya VA 650 inatosha NAS na ruta, lakini iwe na tundu la USB la data. Ichomeke kwenye NAS, kisha washa mpangilio wa kuzima salama ukibaki kwenye betri kwa dakika 5. UPS isiyo na USB inaahirisha tatizo tu: betri itaisha nawe uko kazini.

Joto la diski libaki chini ya nyuzi 45. Dar au Mombasa, NAS ndani ya kabati la runinga lililofungwa itavuka hapo mapema. Iweke wazi, nafasi ya sentimita 10 nyuma ya feni, na upulize vumbi kila baada ya miezi mitatu.

Kuifikia ukiwa mbali

Usifungue matundu ya ruta (si yale ya waya, bali “port” za kwenye mipangilio yake) kuelekea intaneti. Januari 2022 programu ya Deadbolt ilizifunga faili za watu wenye NAS za QNAP zilizoachwa wazi, ikadai bitcoin 0.03 kwa kila mmoja. Tena kwenye intaneti nyingi za 4G hata ukifungua haisaidii, kwa kuwa mtandao unawagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti, kwenye NAS na kwenye simu. Hupita bila kufungua chochote. Zima akaunti ya admin, tengeneza yako, washa uthibitisho wa hatua mbili.

RAID haihesabiki kuwa nakala. Ukifuta albamu, inafutika kwenye diski zote mbili sekunde ile ile. Kwenye bajeti tenga diski ya tatu, ya nje, ya USB. Hapa SMR haina ubaya, na hata ile ndogo ya inchi 2.5 inafaa. Ichomeke mara moja kwa wiki, ikimaliza ichomoe, na ikae nyumba nyingine: kwa dada, au ofisini.

Usifute picha kwenye simu siku ya kwanza. Zima NAS, toa diski moja, washa. Kama RAID iko sawa, kisanduku kitalia na kukuonya, lakini picha zitafunguka. Zima, rudisha diski, chagua kukarabati kundi lililopo, si kuunda jipya, na uiache ifanye kazi usiku kucha. Kesho yake rudisha folda moja kutoka kwenye diski ya USB hadi kompyuta isiyokuwa na nakala hiyo. Ikifunguka, simu unaweza kuisafisha.