Kengele ya karo la maji taka: nilivyoifunga na ilivyopita masika

Nyumba yetu iko Boko, Dar es Salaam, na kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya jiji hili, bomba la maji taka la mamlaka halijatufikia. Kila nyumba na karo lake. Kiangazi, letu halisumbui: maji yanatoka chumba cha pili cha karo, yanaingia shimo la kunyonyea, ardhi inayanywa. Masika ikichanganya, maji ya ardhini yanapanda, shimo linagoma kunyonya na karo linabaki kama ndoo. Taarifa ya kwanza ya kujaa ni maji kurudi kwenye tundu la sakafu la bafu la wapangaji, na hapo umeshachelewa.

Nilinunua Kariakoo seti ya kengele isiyo na jina la kiwanda: kiboksi cha plastiki chenye taa nyekundu, king'ora kidogo na kitufe cha kunyamazisha, adapta ya volti 12, na floti moja yenye waya wa mita 5. Jumla, pamoja na betri na ufundi, haikufika gharama ya kuita gari la kunyonya mara mbili.

Floti ni boya la plastiki lenye gololi na swichi ndani. Likining'inia, swichi imeachia. Maji yakilinyanyua likapinduka, gololi inabiringika na kubana swichi, king'ora kinalia. Ni floti zilezile za kuwashia pampu ya tenki la juu, kwa hiyo zina nyaya tatu, na ukiunga jozi isiyotakiwa kengele italia karo likiwa salama, kisha inyamaze likifurika. Rangi za waya usizitegemee, kila kiwanda kina zake. Fundi alishika boya mkononi, akalipindua juu chini huku mita ya kupimia nyaya ikijaribu jozi moja baada ya nyingine, mpaka akapata ile inayolia boya likielekea juu tu.

Tulibishana kidogo kuhusu pa kuliweka. Yeye alitaka chumba cha kwanza kwa sababu mfuniko wake ni mwepesi. Nikakataa. Chumba cha kwanza kina utando wa mafuta na uchafu unaogandamana juu. Boya likinasa humo haliinuki tena. Chumba cha pili maji yake yametulia. Halafu kuna kimo. Karo zima, lisilo na tatizo lolote, huwa limejaa hadi usawa wa bomba la kutokea, hivyo ukifunga floti chini ya hapo utapigiwa kelele mwaka mzima. Boya letu linainuka maji yakizidi usawa wa kawaida kwa kama upana wa kiganja, na bado bomba la kuingilia liko juu yake. Nafasi hiyo katikati ndiyo muda wako wa kutafuta gari.

Hakuna aliyeingia ndani. Floti imefungwa kwa vifungo vya plastiki kwenye bomba la PVC la nusu inchi linaloning'inia kwenye shingo ya mfuniko. Ukitaka kuisafisha unavuta bomba zima ukiwa juu. Ile harufu ya yai viza ni haidrojeni salfaidi, na ikizidi pua haiisikii tena, kisha mtu anaanguka. Mle mna methani pia, ambayo inashika moto. Fundi alikuja na sigara sikioni.
“Fundi, hiyo iache getini.”
“Haijawashwa, bosi.”
“Iache tu.”
Akaiacha.

Upande wa umeme nilisisitiza mambo machache. Ndani ya karo iingie volti 12 tu, isiingie 230. Kusiwe na kiungo chochote cha waya mle, maana gesi ile ya yai viza inakula shaba. Bomba la kupitishia waya lizibwe kwa silikoni, la sivyo hewa ya karo inapanda nalo hadi kwenye kiboksi. Kengele iwe na breka yake, isitegemee ya pampu ya maji, kwa kuwa breka hiyo ikiruka na kengele inakosa umeme. Na betri ni lazima: mvua kubwa na umeme kukatika huku kwetu ni ndugu.

Ikalia Aprili, usiku, baada ya mvua ya kutwa. Nilichofanya ni kuwaomba wapangaji wasifue na wapunguze kuflashi, na asubuhi nikaita gari kabla ya majirani kuanza kulitafuta. Masika magari yanagombaniwa, na yakishajaa yana safari ndefu ya kwenda kumwaga mabwawa ya Vingunguti. Wenye tenki la plastiki lililofukiwa wajihadhari hapa: kulinyonya lote wakati ardhi imelowa kunaweza kulifanya liibuke.

Sasa malalamiko. King'ora cha seti ni kidogo mno. Mvua ikipiga bati hukisikii. Tuliongeza cha pikipiki cha volti 12, kikamaliza ubishi. Kibaya zaidi, kitufe cha kunyamazisha kilizima na taa pia, yaani mtu akichoka kelele anabonyeza, na hakuna atakayejua kuwa karo bado limejaa. Fundi aliiunga taa moja kwa moja kwenye floti, inawaka mpaka maji yashuke.

Jirani ana ile inayotuma ujumbe wa simu. Nzuri kwa asiyekaa nyumbani, lakini laini yake iliishiwa salio bila yeye kujua, na bafu lake likapata habari kabla yake. Tena hakuna kati ya hizi mbili inayopima tope la chini. Hilo bado tunapima kwa mti mrefu kila kiangazi.

Floti naipa nyota nne, kiboksi mbili. Ningenunua leo, ningechukua floti peke yake, taa, king'ora cha pikipiki na betri, na kiboksi ningewaachia dukani.