Falsafa ya Magharibi kwa Anayeanza: Vitabu Ninavyovipendekeza na Matoleo ya Kuepuka

Anayetaka kuijua falsafa ya Magharibi kwa mara ya kwanza hushawishika kununua kitabu kinene cha historia yake, akiamini kwamba akikimaliza atakuwa ameiona picha nzima, na ndipo atakapomsoma mwanafalsafa mmoja mmoja. Nami nilianza hivyo hivyo nikakwama njiani, na sasa nina hakika kwamba mpangilio huo unaweka mwisho kile kilichostahili kuwa mwanzo. Vitabu ninavyovitathmini hapa nimevisoma, vingine zaidi ya mara mbili, na kigezo changu ni kimoja: je, kitabu kinamfanya msomaji afikiri pamoja na mwandishi, au kinamwachia orodha ya majina na nadharia za kukariri?

Kitabu nilichoanza nacho ni A History of Western Philosophy cha Bertrand Russell, kilichotoka mwaka 1945. Lugha yake inateleza, sentensi zake ni safi, na hakuna ukurasa unaochosha. Hata hivyo, ni kitabu cha mtu mwenye misimamo mikali, kilichoandikwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hasira ya wakati ule inaonekana wazi. Katika sura ya Nietzsche, kwa mfano, Russell anawaleta Buddha na Nietzsche mbele ya Mwenyezi Mungu, kila mmoja atoe ushauri kuhusu aina ya ulimwengu unaopaswa kuumbwa. Ni kipande kizuri sana cha maandishi, lakini Nietzsche anayezungumza pale ni yule aliyebuniwa na mshitaki wake, na msomaji ambaye hajawahi kufungua kitabu chochote cha Nietzsche hana namna ya kujua kama ametendewa haki. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kusema kwamba historia isomwe baadaye: hukumu za mwanahistoria zina faida kwa mtu anayeweza kubishana nazo.

Ikiwa ni lazima kuwa na ramani tangu mwanzo, A Little History of Philosophy cha Nigel Warburton (2011) kinatosha. Kina sura fupi 40, kuanzia Socrates hadi Peter Singer, na mwandishi hajaribu kuwa hakimu wa kila mtu. Juzuu tisa za Frederick Copleston, zilizotoka kati ya mwaka 1946 na 1975, ni hazina ya kurejelea, na sidhani kama kuna faida kwa anayeanza kuzisoma mfululizo. Riwaya ya Jostein Gaarder ya mwaka 1991, ambamo msichana Sophie anapokea barua zinazomuuliza yeye ni nani na ulimwengu umetoka wapi, inamfaa kijana anayependa hadithi.

Vitabu vya utangulizi ninavyovithamini zaidi ni viwili, na vyote ni vyembamba. Cha kwanza ni What Does It All Mean? cha Thomas Nagel (1987), chenye kurasa 100 hivi, ambacho kinajadili maswali tisa bila kuegemea majina makubwa. Katika sura ya uhuru wa utashi, Nagel anakuweka kwenye foleni ya mkahawa wa kujihudumia, ukisita kati ya pichi na kipande kikubwa cha keki ya chokoleti. Unachukua keki, na kesho yake unajuta: ningeweza kula pichi. Nagel anasimama hapo hapo na kuuliza neno hilo lina maana gani, kwa kuwa pichi ilikuwepo, mkono ulikuwepo, na hakuna aliyekuzuia, ila tu hukuichukua. Nilipokuwa nikisoma ukurasa huo niliona kwamba katika Kiswahili fumbo lote limebebwa na silabi moja, -nge-, tunayoitamka kila siku bila kujiuliza inadai nini kuhusu ulimwengu. Kitabu kinachoweza kukufanya uitazame upya sarufi ya lugha yako mwenyewe kimestahili bei yake.

Cha pili ni The Problems of Philosophy, ambacho Russell huyu huyu alikitoa mwaka 1912, na ambacho kwa maoni yangu ni bora kuliko historia yake nene. Kinaanza na meza anayoandikia: jicho linaiona ya kahawia na yenye kung'aa, lakini sehemu inayopigwa na mwanga inaonekana nyeupe, na ukisogea kidogo sehemu inayong'aa inahama. Rangi halisi ya meza ni ipi basi, na kwa nini tuipendelee moja kuliko nyingine? Kutoka kwenye meza hiyo anajenga hoja kwa hatua ndogo ndogo katika sura 15. Upungufu wake ni kwamba kimeelemea mno nadharia ya maarifa, jambo ambalo dibaji yenyewe inalikiri, na anayetafuta maadili au siasa hatapata mengi humo. Kwa sababu hiyo vitabu hivi viwili vinakamilishana vizuri.

Baada ya hapo naingia moja kwa moja kwa Plato, na hapa ndipo suala la toleo linapokuwa na uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Nakala yangu ya kwanza ya Jamhuri niliichagua kwa urahisi wa bei. Haikuwa na jina la mfasiri, haikuwa na tanbihi, majina ya wazungumzaji yaliondolewa kiasi kwamba sikujua nani anauliza na nani anajibu, na pambizoni hakukuwa na namba yoyote. Namba hizo zinatokana na kurasa za toleo la Henri Estienne la mwaka 1578, na kila ukurasa umegawanywa kwa herufi a hadi e, ili wasomaji wa tafsiri yoyote, katika lugha yoyote, waweze kukutana mahali pamoja. Katika kikao cha majadiliano tulichokuwa nacho, wenzangu wote walifungua mahali palipotajwa mara moja, nami nikabaki nikipekua kurasa mpaka mada ikapita. Tangu siku hiyo, kabla ya kununua kitabu chochote cha kale, natazama vitu vitatu: jina la mfasiri, namba za pambizoni, na faharasa.

Toleo ninalolipendekeza bila kusita ni Five Dialogues, tafsiri ya G. M. A. Grube iliyopitiwa upya na John Cooper na kuchapishwa na Hackett. Limekusanya Euthyphro, Utetezi wa Socrates, Crito, Meno na Phaedo. Tafsiri za Benjamin Jowett za karne ya 19 zinapatikana bure mtandaoni na si mbaya, lakini Kiingereza chake kimechakaa, na msomaji ambaye lugha hiyo si ya nyumbani kwake hulazimika kupambana na maneno kabla hajafikia hoja.

Ningeanza na Euthyphro. Mtu anakwenda mahakamani kumshitaki baba yake mzazi kwa kusababisha kifo cha kibarua, akiwa na uhakika kwamba anatenda jambo la ucha Mungu. Socrates anamuuliza ucha Mungu ni nini, na kufikia 10a swali limegeuka kuwa zito kweli: je, jambo hupendwa na miungu kwa sababu ni takatifu, au ni takatifu kwa sababu hupendwa? Majibizano hayo ni mafupi, yanasomeka kwa kikao kimoja, na swali lake linamgusa kila muumini wa dini yoyote. Kisha Utetezi, ambapo mzee wa miaka 70 anasimama mbele ya majaji wa Athens mwaka 399 KK na kukataa kuwabembeleza.

Kwa Aristotle, tatizo kubwa ni maneno. Maandishi yake yaliyotufikia yanafanana na muhtasari wa mihadhara, hivyo yamebanana, na neno moja likifasiriwa vibaya linapotosha ukurasa mzima. Katika Maadili ya Nikomako, neno la Kigiriki eudaimonia likifasiriwa kama furaha, msomaji atashangaa kwa nini Aristotle analijadili kama jambo la maisha yote wakati furaha huja na kuondoka. Likifasiriwa kama ustawi, hoja inaeleweka mara moja. Chagua toleo lenye sherehe ya istilahi mwishoni. Anayeona kitabu cha kwanza ni kigumu aruke hadi cha nane na cha tisa, vinavyohusu urafiki, kisha arudi.

Descartes na Hume wanasomeka kuliko sifa zao zinavyotisha. Tafakuri za Descartes (1641) ni sita tu, na ile ya pili, ambamo kipande cha nta kilichotoka mzingani kinasogezwa karibu na moto na kupoteza harufu, umbo na ugumu wake, kisha tunaulizwa kwa nini bado tunasema ni nta ile ile, ni kati ya kurasa nzuri kabisa nilizowahi kusoma. Tafuta toleo lenye Pingamizi na Majibu, kwa kuwa Descartes mwenyewe aliyachapisha pamoja, na kumsikia Hobbes au Arnauld akimbana ni somo la pekee. Kwa Hume, chukua Uchunguzi kuhusu Uelewa wa Binadamu wa mwaka 1748, ambao aliuandika ili kuweka wazi zaidi yale yaliyomo katika Risala ya ujana wake. Kiingereza cha karne ya 18 kikikushinda, mwanafalsafa Jonathan Bennett aliandaa matoleo yaliyorahisishwa, yanayopatikana bure kwa jina la Early Modern Texts, na amefanya hivyo kwa uaminifu: alipoongeza neno ameweka alama, na alipopunguza ameonyesha pia.

Spinoza na Hegel ningewaahirisha. Kant naye asianzwe kwa Uhakiki wa Akili Tupu. Soma kwanza Prolegomena ya mwaka 1783, aliyoiandika baada ya kuona kwamba Uhakiki haukueleweka. Utakapokuwa tayari kwa Uhakiki wenyewe, tafsiri ya Paul Guyer na Allen Wood ya mwaka 1998 ndiyo ninayoitumia. Kant alibadilisha sehemu kubwa ya kitabu hicho kati ya toleo la 1781 na lile la 1787, kiasi cha kuandika upya kabisa baadhi ya hoja zake za msingi, na Guyer na Wood wameyaweka matoleo yote mawili, kwa herufi A (la kwanza) na B (la pili) pambizoni. Nakala inayokupa toleo moja tu bila kukuambia ni lipi usiinunue, hata ikiuzwa nusu bei.