Uzoefu wangu na E-flite Convergence, ndege ya rimoti inayopaa wima

Wanaoniuliza kama ndege hii inafaa kununuliwa nawajibu hivi: inafaa sana kwa mtu aliyekwisha kushika rimoti na kuangusha ndege mbili tatu za bei rahisi. Kwa anayeanza kabisa, hapana, hata kama ana hela ya kuchezea. Inakutaka ujue kurusha drone, ujue na kurusha ndege ya mabawa, halafu uhame kutoka huku kwenda kule ikiwa bado iko hewani.

Ninaizungumzia E-flite Convergence, iliyotolewa mwaka 2016 na Horizon Hobby ya Champaign, Illinois. Ni ndogo: kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine ni milimita 650. Mwili ni wa foamu. Ina mota tatu, mbili mbele kwenye mabawa na moja nyuma. Za mbele zinageuka kutazama juu au mbele, ya nyuma haigeuki. Wakati wa kupaa zote zinasukuma kuelekea juu. Ukishapata kimo unapiga swichi, zile mbili zinalala kuelekea mbele, ya nyuma inazimika, na kuanzia hapo mabawa ndiyo yanayobeba mzigo.

Yangu niliinunua mkononi hapa Columbus, Ohio. Ujue mapema kwamba hata ile ya dukani ya toleo la BNF, yaani ya kuunganisha na rimoti yako mwenyewe, huja bila rimoti, bila betri na bila chaja. Unahitaji rimoti inayoelewana na DSMX, mfumo wa redio inaotumia ndege hii, yenye chaneli (njia za amri) sita au zaidi, na betri ya LiPo, ya lithiamu, ya seli tatu, ujazo wa 2200 mAh. Kwenye betri usibane matumizi. Kuna duka la mtandaoni liliniuzia moja ya bei ya kutupa, ikavimba kabla hata sijaizoea. Kuelea hewani kunakula umeme kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mota zinabeba uzito wote wa ndege zenyewe, bawa halisaidii. Mimi nimetega saa ya rimoti ilie baada ya dakika tano, na hapo natua hata kama bado nina hamu. Nikirudi nyumbani betri naihifadhi kwenye volti 3.8 kwa kila seli, si ikiwa imejaa.

Kabla ya kuirusha, iwashe ikiwa chini, rimoti ikiwa kwenye hali ya kuelea, na mota zikiwa bado zimezuiwa kuzunguka. Sukuma kijiti cha kushoto upande mmoja. Utaona mota moja ya mbele inainama kidogo mbele, mwenzake inainama nyuma. Ndivyo inavyojizungusha ikielea: kila moja inavuta upande wake. Kwenda mbele, nyuma, kushoto au kulia inafanya kwa kuongeza na kupunguza kasi za mota tatu, na kompyuta yake ndogo inasahihisha muda wote bila wewe kujua. Ukiachia vijiti kwenye hali ya Stability, inajisawazisha yenyewe. Ipo na hali ya Acro, isiyojisawazisha, ambayo haina huruma. Hiyo iache mpaka mikono izoee.

Sasa tuje kwenye swichi. Hapo ndipo wengi wanapoteza ndege. Ikiwa inaelea, kijiti cha kulia ukikisukuma mbele, inasogea mbele. Ikiwa imeshakuwa ndege, kijiti kilekile kinainamisha pua kuelekea ardhini. Na kijiti cha nguvu hivyohivyo: katikati ya njia, kwenye kuelea, maana yake baki hapo ulipo, kwenye ndege ni mwendo wa kawaida tu. Hatari iko wakati wa kurudi. Unakuja kutua, umepunguza nguvu kama unavyofanya na ndege yoyote ile, unapiga swichi. Mota zinainuka, ila nguvu iko chini, na bawa halina mwendo tena. Inashuka kama nazi. Mimi napandisha nguvu kupita nusu kidogo kwanza, nikiwa juu ya miti na pua ikiutazama upepo, ndipo napiga swichi. Ndege inavunja mwendo, inateleza mbele kidogo, kisha inasimama hewani. Sauti inabadilika pia: mvumo mwembamba wa mota mbili unageuka kuwa mngurumo wa tatu. Siku hizi nasikiliza sauti hiyo kuliko ninavyotazama.

Ukizoea raha hii unaweza kudhani kupaa wima ni jambo dogo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Arthur Young, Mmarekani, alikuwa akijaribu vielelezo vidogo vya helikopta, na baadaye akawa na karakana kwenye shamba lake kule Paoli, Pennsylvania. Vilikuwa vya mota za umeme, vinaongozwa kwa waya, si redio, na vilimwangukia sana. Kilichomtoa ni fimbo ya mizania, yenye uzito kwenye ncha, aliyoifunga kukingamana na rota: rota ikitaka kuyumba, fimbo inairudisha. Mwaka 1941 alipeleka kielelezo chake kwa kampuni ya Bell, na matunda yake ni Bell 47, helikopta ya kwanza kupata cheti cha matumizi ya kiraia Marekani, Machi 1946. Kwa hiyo kazi ambayo leo inafanywa na jairo, kihisi cha mzunguko, ya ukubwa wa kucha, ilianza na kipande cha chuma kinachozunguka.

Upande wa helikopta za kuongozwa kwa redio, kwangu mkubwa wao ni Mjerumani Dieter Schlüter. Mwaka 1970 helikopta yake ya mfano wa Bell HueyCobra iliweka rekodi ya kukaa hewani karibu dakika 28, na nyingine ya kwenda kilomita 11.5. Hapakuwa na jairo ya kushika mkia. Kila ukiongeza nguvu mkia unakimbia, nawe unaurudisha kwa kidole, dakika zote hizo. Mimi dakika tano na kompyuta inanisaidia, mabega yanauma.

Klabuni kwetu kuna jamaa ana X-VERT, ya haohao Horizon, inayosimama kwa mkia na kupaa hivyo. Nimeijaribu. Ni rahisi zaidi kimitambo kwa kuwa mota hazigeuki, ndege nzima ndiyo inayolala. Ila upepo ukiwepo, likisimama bawa lote linakinga, inasukumwa hovyo. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1954 rubani James Coleman, maarufu kama Skeets, aliipaisha Convair XFY-1 Pogo kwa mkia, akailaza ikaenda kama ndege, kisha akairudisha chini kinyumenyume huku akichungulia nyuma juu ya bega. Sisi tunaosimama nyasini na rimoti angalau tunaiona ndege yetu yote.

Kama wewe ni mtu wa kujengajenga, njia nyingine ipo. Mnorwei Rolf Runar Bakke ndiye aliyebuni bodi za KK, kompyuta ndogo za kuongozea drone, za bei nafuu, zilizowafungulia watu wengi mlango wa kuunda drone za nyumbani. Leo wengi wako kwenye ArduPilot, programu ya kuongozea ndege, ambayo Andrew Tridgell wa Australia, yuleyule aliyeanzisha Samba, programu ya kushirikiana mafaili kati ya kompyuta, ni kati ya waliofanya kazi kubwa kuifanya iendeshe ndege za mabawa zenye mota za kupaa wima. Ni programu ya bure, lakini jiandae kwa jioni nyingi za mipangilio.

Msije mkafikiri haya ni michezo ya ughaibuni tu. Mwaka 2018 DHL, GIZ (shirika la maendeleo la Ujerumani) na Wingcopter, kampuni ya kutengeneza drone, walitangaza matokeo ya majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani yenye rota zinazogeuka, kilomita 60 kutoka bara, juu ya Ziwa Viktoria, kwa dakika 40 hivi. Kwa barabara ni kilomita 240 na saa sita. Mtambo ni wa jamii hiihii, ila ule ni wa kazi.

Sheria zisikupite. Marekani chochote kinachozidi gramu 250 kinasajiliwa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, dola 5 kwa miaka mitatu, na kuna mtihani mfupi wa bure uitwao TRUST. Mlioko Tanzania au Kenya, ulizeni TCAA au KCAA, mamlaka za anga za nchi hizo, kabla ya kuagiza, maana kunyang'anywa mzigo bandarini si mchezo.

Ukiipata ya mkononi kama mimi, shika mota za mbele kwa vidole uzitikise taratibu. Zikilegea, meno ya servo, kimota kidogo kinachozigeuza, yamekwisha. Kagua pia propela, kwa sababu zipo za kuzunguka kulia na za kuzunguka kushoto, na wauzaji huzichanganya. Na muuzaji akikataa uiwashe mbele yake, ondoka na hela yako.