Stendi ya Kupigia Besiboli, Baada ya Likizo Nzima Uani Migosi

Kijana wangu ana umri wa miaka 11 na anacheza besiboli, mchezo ambao hapa Kisumu bado hunilazimu kutoa maelezo kila ninapoingia ndani ya tuktuk nikiwa nimebeba gongo. Wengi hudhani ni raunda, nami sibishani nao sana, kwa kuwa raunda ya shule zetu za msingi ni ndugu wa karibu wa mchezo huu. Timu yake hukutana wakati wa muhula pekee. Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, magongo na glovu hutiwa kufuli ndani ya stoo ya michezo, mwalimu naye huenda kwao, na watoto hubaki na miezi miwili mitupu. Mwaka juzi kijana alikaa likizo nzima bila kushika chochote, akarudi Januari akawa anapiga hewa kwa majuma matatu. Ndiyo sababu mwaka uliopita nilinunua stendi ya kupigia mpira, yaani nguzo fupi inayouinua mpira mbele ya mpigaji ili aupige ukiwa umetulia, na ninayoyaandika hapa nimeyaona katika ua wetu mtaani Migosi kwa likizo nzima.

Huenda mzazi mwingine akauliza kwa nini sikununua tu mipira na kumwacha mtoto aurushie ukuta kutwa. Jibu ni mkono wake, hasa kiwiko. Katika Little League, ligi ya watoto iliyoanzia Marekani, mtoto wa miaka 11 au 12 anayecheza kama mrushaji, yaani yule anayemtupia mpigaji mpira, haruhusiwi kurusha zaidi ya mara 85 kwa siku, na akifikisha mara 66 ni lazima apumzike siku 4 kabla ya kurudi kurusha. Mwongozo wa Major League Baseball, ligi kuu ya Marekani, na USA Baseball, shirika linalosimamia mchezo huu nchini humo, unaongeza kwamba mtoto wa rika hilo apate angalau miezi 4 kila mwaka bila kurusha kabisa, kwa sababu mifupa ya kiwiko na ya bega bado ina sehemu laini za kukulia ambazo huumizwa na tendo moja linalorudiwarudiwa. Kijana wangu ni mrushaji, na kama angeachiwa hiari yake angerusha hadi giza liingie. Likizo yetu ya mwisho wa mwaka ni sehemu nzuri ya muda huo wa kuupumzisha mkono, na stendi inampa kazi nyingine, kwa kuwa anapopiga, mikono yote miwili hushirikiana na nguvu kubwa hutoka miguuni na nyongani.

Stendi yenyewe niliinunua kwa shilingi 5,800, pamoja na usafirishaji, kutoka kwa muuzaji wa Nairobi anayefanya biashara mtandaoni. Ilifika kwa basi siku nane baada ya ile iliyoahidiwa, ndani ya boksi lililokwisha kufunguliwa na kubandikwa gundi upya. Ina sehemu tatu: kitako cha plastiki ngumu, fimbo mbili za chuma ambazo moja huingia ndani ya nyingine, na kikombe cha mpira mweusi juu, mahali pa kuukalisha mpira wa kuchezea. Zile fimbo ni nzuri sana na sina lawama nazo. Huteleza bila kukwaruzana, hukaza kwa kuzungushwa kwa mkono, na huinuka kutoka chini kidogo ya goti la mtoto hadi kifuani pake, na huo ndio upana wa kimo anaotakiwa kuufanyia mazoezi. Hazijashika kutu, ijapokuwa zimenyeshewa zaidi ya mara moja.

Kitako ni hadithi tofauti. Ni chepesi mno hivi kwamba kila gongo lilipogusa fimbo badala ya mpira, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka 11 hutokea mara kwa mara, stendi nzima iliruka na kuanguka, na kijana akatumia muda mwingi akiisimamisha kuliko akipiga. Tulijaribu kukilalia kwa tofali, na siku ya pili tofali likavunjika vipande viwili. Kikombe cha juu nacho kilipasuka katika juma la tatu. Mpasuko ulianza kama mstari mwembamba usioonekana ila ukikikunja kwa vidole, kisha ukashuka hadi chini, na kuanzia hapo mpira ukawa unaegemea upande mmoja kama mzee aliyesinzia kanisani. Nilimpigia simu muuzaji, akaniambia kwamba sehemu hiyo haina dhamana kwa kuwa ni ya kuchakaa. Nilimwomba basi aniuzie kikombe pekee, naye akajibu kwamba haviuzwi kimoja kimoja.

Nikaibeba stendi hadi kwa mafundi wa jua kali walio karibu na soko la Kibuye. Fundi aliigeuzageuza, akaniuliza kama ni ya kuwekea kipaza sauti, na nilipomweleza akacheka, kisha akaenda nyuma ya kibanda na kurudi na sahani ya plau iliyochakaa, ile ya duara ambayo trekta huburuta katika mashamba ya miwa upande wa Kibos na Miwani. "Hii, mzee, hata ukiipiga teke wewe ndiwe utakayeumia," akasema. Aliifunika kwa mgongo juu, akachomelea kipande cha bomba katikati ili fimbo ya chini iingie na kufungwa kwa bolti, akasaga kingo zote kwa mashine hadi zikawa butu, na kunitoza shilingi 1,200. Kwa upande wa kikombe, alinielekeza kwa jirani yake anayetengeneza matatu, ambaye alinikatia kipande cha bomba la mpira la redieta, urefu wa kiganja, kwa shilingi 150. Bomba hilo lina nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira wake, na hiyo ndiyo tofauti: gongo likiligonga hulala na kuinuka tena, wala halipasuki. Kijana aliipenda ile sahani kwa sababu zake mwenyewe. Anajua kwamba timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, ilikuwa ya vijana wa Lugazi, Uganda, na kwamba Lugazi, ambayo mabasi ya kutoka Kisumu kwenda Kampala huipita, nayo ni mji wa miwa.

Muuzaji yuleyule alikuwa na wavu wa kunasia mipira, lakini bei ya wavu na stendi kwa pamoja ilikuwa shilingi 17,500, nami nikaona si haki mtu anayeishi kando ya ziwa anunue wavu Nairobi. Nilikwenda Dunga, nikamkuta mzee mmoja akishona nyavu chini ya mti, na kumweleza shida yangu. Alinionyesha wavu mkuukuu wa macho ya inchi 5, uliofumwa kwa nyuzi za nailoni zilizosokotwa, nami nikaununua kwa shilingi 1,800 bila kuuliza zaidi. Pigo la kwanza siku hiyo jioni lilipita katikati ya wavu kana kwamba haukuwapo na kutua kwenye sufuria za jirani.

Nilirudi kwa mzee na mpira mkononi. Aliushika, akaupitisha kwenye jicho la wavu mwingine mbele yangu, ukapita kwa kubanwa kidogo tu. "Mwanangu," akasema, "jicho hupimwa likiwa limevutwa, fundo kwa fundo. Inchi tano kwenda, inchi tano kurudi, hizo ni kumi." Mzunguko wa mpira wa besiboli ni kati ya inchi 9 na inchi 9 na robo, basi hesabu ilikuwa wazi na aibu ilikuwa yangu. Nilipomuuliza kama ana wavu wa macho madogo alinitazama kama mtu anayeshuku kwamba nimetumwa na maafisa wa uvuvi, akasema kwamba nyavu za namna hiyo ndizo zinazowamaliza samaki wachanga na yeye hana biashara nazo. Akanishauri niukunje ule wangu mara mbili, tabaka la pili lishuke nusu jicho chini ya la kwanza, na niuache ulegee badala ya kuukaza. Shauri lake limefaa kabisa. Mpira unaingia, wavu unarudi nyuma kama pazia, na mpira unaanguka chini bila kudunda. Umening'inia kati ya mwembe na nguzo ya kamba ya nguo, na tangu hapo sufuria za jirani ziko salama.

Kuhusu matumizi, nisisitize kwamba stendi hii haifanyi kazi ikiwa mtoto anaweka mpira mahali pamoja na kupiga mara mia. Kijana wangu alianza hivyo, na kwa siku mbili alijiona bingwa. Mwalimu wake, niliyempigia simu, alituelekeza kuihamisha stendi: mpira wa kati ukae mkabala na mguu wa mbele, ule wa karibu na mwili usogezwe mbele zaidi ili apate nafasi ya kuunyoosha mkono, na ule wa mbali urudishwe nyuma kidogo ili asiuvute kwa pupa. Tulichora alama tatu za chokaa kwenye saruji. Hupiga mara tano, huweka gongo chini, hupumua, huhamia alama nyingine, na akimaliza mizunguko sita kazi ya siku imekwisha. Dalili ya pigo zuri huonekana wavuni bila mtu kumwambia: mpira ukipigwa katikati huingia wavuni ukiwa umenyooka, ukipigwa chini hupanda kwenye kamba ya juu, ukipigwa juu hugonga saruji kabla ya kufika. Hilo humfundisha kuliko kelele zangu kutoka barazani. Mvua za jioni za Novemba, ambazo hapa hushuka ghafla na kuugeuza udongo mweusi kuwa gundi, zilitufanya tuhamishe kila kitu chini ya paa la kuegeshea gari mara kadhaa, na sahani ya plau ilijuta kubebwa, au tuseme mgongo wangu ndio uliojuta.

Kasoro moja ya stendi haiwezi kurekebishwa na fundi yeyote: mpira uliotulia haumfundishi mtoto kusoma mpira unaokuja. Wachezaji wa ligi kuu ya Marekani, wenye mechi 162 kwa msimu, bado hupiga kwenye stendi kabla ya mechi, lakini baada ya hapo hurushiwa mipira. Mimi humrushia kijana mipira ya soksi kuukuu kwa mkono wa chini, nikiwa nimepiga goti kando yake, dakika kumi tu mwishoni, na kwa kudaka hutumia mpira wa tenisi unaorudi kutoka ukutani, nikiurusha mimi ili mkono wake uendelee kupumzika. Mzazi asiye na nafasi ya kufanya hivyo ajue kwamba stendi peke yake itamlinda mtoto asisahau umbo la pigo, lakini haitamwongezea wepesi wa macho.

Jumla ya gharama yangu ni shilingi 8,950, ambayo ni takriban nusu ya bei ya stendi na wavu wa dukani. Kama ningeanza upya, nisingeagiza stendi kamili hata kidogo. Ningenunua fimbo mbili zinazoingiliana kutoka kwa fundi huyohuyo, nikachukua sahani na bomba la redieta, na fedha zilizosalia zingenunua mipira halisi, ambayo yetu minne imeanza kufumuka nyuzi. Kwa bidhaa kama ilivyotoka kwenye boksi natoa alama mbili kati ya tano, zote kwa ajili ya fimbo. Kwa jinsi ilivyo sasa natoa nne, na ya tano naizuia hadi kijana ajifunze kuikunja na kuirudisha stoo mwenyewe, kwa sababu usiku wa juzi nimejikwaa kwenye ile sahani, na fundi alisema kweli kuhusu nani atakayeumia.